HARAKA YENYE BARAKA: SOMO LA MUDA KATIKA CHAI YA KICHINA

Najua kuna watakaosema kwamba habari za kupika chai ni za jikoni na si za jarida. Nawaomba wavute subira, kwa maana somo nililolipata jikoni lilinitatulia fumbo ambalo limekuwa likinisumbua tangu Kidato cha Kwanza.

Fumbo lenyewe ni hili. Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Wahenga hao hao wakageuka wakasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Sasa mwanafunzi afuate ipi? Aende mbio au angoje? Jibu langu nililipata katika likizo ya Agosti, mbele ya bakuli dogo la chai lisilojaa hata kikombe kimoja cha kawaida.

Kosa langu la kwanza

Shangazi yangu ni mfanyabiashara. Husafiri hadi Guangzhou, kusini mwa Uchina, kununua bidhaa za duka lake. Safari hiyo alimletea nyanya zawadi: vijifuko sita vya majani chai, kila kimoja gramu 8, pamoja na bakuli jeupe la kaure lenye kisahani na kifuniko. Chai hiyo ilitoka milima ya Fenghuang, karibu na mji wa Chaozhou.

Nyanya si mgeni wa chai. Amechuma majani chai kwetu Kericho tangu ujana wake. Lakini tangu daktari alipomkataza sukari, chai imekuwa adhabu kwake. Husema, "Chai bila sukari, afadhali maji matupu." Shangazi alidai kwamba hii aliyoleta haitaki sukari wala maziwa.

Basi mimi kwa ujuaji wangu, shangazi akiwa bado amelala kwa uchovu wa safari, nikajitolea kumpikia nyanya. Nikateleka sufuria, nikapasua vijifuko viwili, nikatia majani yote, nikaacha yatokote dakika kumi kama tufanyavyo siku zote. Nikachuja, nikampelekea nyanya kikombe kilichojaa pomoni. Akapiga funda moja tu, akakunja uso, akakiweka chini.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hii si chai. Hii ni mwarobaini."

Wee! Niliona haya hata nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimeharibu vijifuko viwili, na vilibaki vinne tu. Shangazi alipoamka na kusikia mkasa huo alicheka hadi akatokwa na machozi. Kisha akasema, "Umeyachemsha kama majani ya dukani. Haya hayachemshwi, mwanangu. Haya hupitishiwa maji tu."

Jioni hiyo alifungua kijifuko cha tatu, akanionyesha. Nyanya alikataa katakata kuonja, eti amekwisha kunywa dawa yake ya siku hiyo. Lakini mimi nilionja, na kumbe! Majani yale yale yaliyokuwa machungu kama shubiri asubuhi sasa yalinukia maua na kuacha utamu kooni. Maji yalikuwa ya kisima kile kile na majani ya pakiti ile ile. Kilichobadilika ni kipimo na muda.

Gongfu si ngumi

Namna hii ya kutengeneza chai huitwa gongfu cha. Wenzangu mnaopenda filamu za Bruce Lee mtashangaa kusikia kwamba "gongfu" hiyo na "kung fu" ya filamu ni neno moja. Katika Kichina maana yake si kupigana. Maana yake ni ustadi unaopatikana kwa kutumia muda na juhudi. Kwa hiyo fundi wa mbao anaweza kuwa na gongfu, mpishi vivyo hivyo, na mpika chai pia.

Kwa kuwa sisi ni wapenzi wa lugha, tusipite bila kutaja kwamba hata neno letu "chai" lina mizizi yake huko huko. Wachina wengi husema cha. Neno hilo lilipitia Uajemi, likapata sauti ya "i" mwishoni, kisha likafika pwani yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Nao watu wa Fujian kusini husema te, na ndiko lilikotoka neno la Kiingereza "tea". Kikombe ni kimoja, majina yalipita njia mbili.

Wachina wenyewe hawakuanza kwa njia hii. Katika enzi ya Tang, miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, chai ilishindiliwa ikawa kama mkate mgumu, ikasagwa, ikachemshwa, na hata kutiwa chumvi. Mwaka wa 1391 mfalme wa kwanza wa enzi ya Ming aliamuru kwamba chai ya kodi isiletwe tena ikiwa imeshindiliwa, bali iwe majani yaliyo huru. Desturi ya kutia majani katika chombo na kuyamiminia maji ya moto ikaenea. Baadaye, katika mikoa ya Fujian na Guangdong, ndipo ilipokua desturi ya vyombo vidogo na vikombe vidogo. Mwezi wa Novemba 2022, ufundi wa Uchina wa kutayarisha chai na desturi zake uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni.

Nilifarijika mno niliposoma habari za mshairi Yuan Mei. Bwana huyu hakuipenda chai ya milima ya Wuyi, akilalamika kwamba ni chungu kama dawa. Mwaka wa 1786 alizuru Wuyi, akaandaliwa chai hiyo hiyo katika birika dogo na vikombe vidogo mno, akaambiwa ainuse kwanza na kuinywa taratibu. Akabadili mawazo yake. Kumbe nyanya yangu hakuwa wa kwanza kuita chai dawa!

Kwa nini muda una nguvu hivyo?

Hebu sasa tuingie katika somo lenyewe. Ndani ya jani la chai mna vitu vingi. Kuna vinavyoleta harufu na utamu, kuna kafeini inayofukuza usingizi, na kuna vitu viitwavyo polifenoli ambavyo huleta ukakasi, yaani ile hali ya ulimi kukauka kana kwamba umekula ndizi mbichi. Vitu hivi havitoki kwa kasi moja. Utamu na harufu huwahi kutoka. Uchungu na ukakasi huzidi kadiri majani yanavyokaa majini, na maji yakiwa ya moto sana huzidi upesi.

Kwa kawaida chai ya kikombe hutiwa gramu 2 au 3 za majani kwa mililita 200 za maji, na kuachwa dakika tatu hadi tano. Gongfu hugeuza hesabu hiyo juu chini: majani mengi, maji machache, muda mfupi. Katika bakuli la mililita 100 unatia gramu 6 hadi 8. Kwa wingi huo, ukiacha dakika tatu utapata mwarobaini wangu. Ukiacha sekunde chache utapata chai. Majani yaliyobaki bado yana mengi ya kutoa, kwa hiyo unatia maji tena, na tena, mara sita, saba au zaidi.

Wale wa pwani wataelewa haraka nikisema kwamba jambo hili lafanana na kukamua nazi. Kuna tui la kwanza, kuna la pili, na kuna la tatu. Lakini pana tofauti moja. Tui la kwanza ndilo zito kuliko yote, ilhali katika chai maji ya kwanza aghalabu si makali kuliko yote, kwa sababu jani kavu halijafunguka. Maji ya pili na ya tatu ndiyo huwa na nguvu.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, majani yetu ya dukani hayawezi kufanyiwa hivyo?" Chai yetu nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa mashine za kukata, kupasua na kukunja, hadi jani likawa chembechembe. Chembe hizo hutoa rangi na ukali wake wote mara moja, na ndiyo maana zinafaa sana kwa maziwa. Si kasoro, ni kazi tofauti. Jani zima ndilo linaloweza kutoa kidogo kidogo.

Jaribio langu

Siku ya pili nilichukua kijifuko cha nne nikakigawa mafungu manne ya kulingana. Kila fungu nikalitia katika kikombe chake pamoja na maji ya moto kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya mezani. La kwanza nikalichuja baada ya sekunde 10, la pili baada ya sekunde 30, la tatu baada ya dakika 1, na la nne baada ya dakika 3. Nikawaita binamu zangu waonje bila kuwaambia lipi ni lipi.

Cha sekunde 10 walisema kina harufu nzuri lakini chepesi. Cha sekunde 30 kila mmoja alikimaliza. Cha dakika 1 walisema ni kikali. Cha dakika 3 kilirudishwa mezani na nyuso zilizokunjamana. Nilichojifunza ni kwamba kati ya chai tamu na chai chungu hapakuwa na dakika nzima. Hapo ndipo nilipoelewa ile methali ya "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Utaratibu wa kuhesabu muda

Chai ya shangazi ni ya aina ambayo Wachina huiita wulong, maana yake joka jeusi. Iko katikati ya chai ya kijani na chai yetu ya rangi. Huu hapa utaratibu nilioufuata kwa gramu 8 katika bakuli la mililita 100, maji yakiwa yametoka tu kuchemka.

Kwanza, pasha vyombo joto. Mimina maji ya moto katika bakuli na vikombe, kisha yamwage. Chombo baridi huyapunguzia maji joto, na hesabu yako yote huharibika.

Pili, yaamshe majani. Tia majani, mimina maji, na uyamwage papo hapo. Watu wengine hudai kwamba maji haya huondoa kafeini yote. Si kweli. Sekunde chache huondoa sehemu ndogo tu, kwa hiyo usinywe usiku ukitegemea kulala.

Tatu, anza kuhesabu:
Maji ya kwanza: sekunde 10.
Maji ya pili: sekunde 10.
Maji ya tatu: sekunde 15.
Maji ya nne: sekunde 20.
Maji ya tano: sekunde 30.
Maji ya sita: sekunde 45.
Maji ya saba: dakika 1 au zaidi.

Mnaona jinsi muda unavyorefuka? Majani yanapozidi kuchoka, yanahitaji nafasi zaidi ya kutoa kilichobaki. Ukiyapa ya saba sekunde 10 utakunywa maji ya moto tu. Ukiyapa ya kwanza dakika nzima utalia.

Nne, kumbuka kwamba kumimina nako ni muda. Hapo ndipo nilipokosea katika kijifuko cha tano. Nilihesabu sekunde 10 sawasawa kwa saa ya mkononi, kisha nikaanza kumimina polepole kwa kuogopa kuungua vidole. Kumimina kukachukua sekunde nyingine 10. Chai ikawa kali nami nikalaumu majani! Hesabu tangu maji yaingie hadi tone la mwisho litoke.

Tano, usibakize maji katika bakuli. Yakibaki, majani huendelea kutoa uchungu wakati wewe unapiga soga. Watu wa Chaozhou wana majina ya kupendeza kwa kazi hii. Kumimina kwa kuzungusha juu ya vikombe vyote, ili kila kimoja kipate ukali sawa, huitwa Guan Gong anazunguka mji. Kugawa matone ya mwisho, moja moja kwa kila kikombe, huitwa Han Xin anahesabu askari. Hao wote wawili walikuwa majenerali mashuhuri wa kale. Tena kwa desturi yao huweka vikombe vitatu hata kama wageni ni wanne au watano, na watu hupokezana. Katika maandishi ya Kichina, neno la kuonja huandikwa kwa midomo mitatu.

Maji ya milimani

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wa Fizikia atalifurahia. Shangazi alisema kwamba rafiki yake wa Guangzhou huanza na sekunde 5 tu. Mimi nilipojaribu sekunde 5 nyumbani chai ikawa nyepesi. Mbona hivyo?

Jibu ni mwinuko. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi, na Guangzhou na Chaozhou ziko karibu na usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka takribani nyuzi 1. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Kwetu Kericho, tukiwa na mita 2,000 na ushei, ni kama nyuzi 93. Hata ukichochea moto mpaka kuni ziishe, maji katika sufuria isiyofunikwa kwa nguvu hayatapita hapo. Kwa kuwa joto ni pungufu, inabidi uongeze sekunde chache. Mwenzangu wa Mombasa atakayetumia orodha yangu na apunguze kidogo.

Kwa hivyo orodha si amri. Chai ya kijani, kwa mfano, hupendelea maji ya nyuzi 80 hivi, kwa sababu maji yanayochemka huitia uchungu. Wulong iliyokunjwa kama punje za mahindi huhitaji muda zaidi katika maji ya kwanza ili ifunguke, kisha maji ya pili hupunguzwa. Jani lililovunjikavunjika hutaka muda mfupi kuliko jani zima.

Makosa na dawa yake

Ikiwa chai imekuwa kali, usiyatupe majani. Ongeza maji ya moto katika kikombe, na safari ifuatayo punguza sekunde. Ikiwa ni nyepesi, ongeza sekunde katika maji yanayofuata. Lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha majani, maji na muda kwa pamoja, hutajua kipi kilikuokoa au kipi kilikuponza.

Na kama huna saa? Wazee wa Chaozhou walipika chai kabla ya saa za mkononi. Hesabu pumzi zako ukiwa umetulia: kuvuta na kutoa huchukua sekunde tatu au nne. Kisha acha ulimi uwe mwamuzi. Saa hukufundisha mwanzoni tu, ulimi ndio wenye neno la mwisho.

Kijifuko cha mwisho

Kilibaki kijifuko kimoja. Nikamwendea nyanya, nikamwomba anipe nafasi ya mwisho. Akaniangalia, akasema, "Haya, lete mwarobaini wako."

Mikono ilinitetemeka, lakini nilihesabu. Maji ya kwanza akayanusa, akanyamaza. Ya pili akanywa yote. Ya tatu akaninyoshea kikombe mwenyewe bila kusema lolote. Tulifika maji ya saba, tukizungumza habari ambazo hajawahi kuniambia, za jinsi mashamba yalivyokuwa alipoanza kuchuma. Hakuuliza sukari hata mara moja.

Mwishowe akachukua jani moja lililofunguka kutoka katika bakuli, akalinyoosha kiganjani. "Mbona wamechuma majani makubwa hivi?" akauliza. "Sisi twachuma majani mawili na chipukizi. Haya karani wa kituoni angeyakataa." Nikamweleza kwamba chai ya wulong huchumwa likiwa jani limekomaa kidogo. Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe hata jani lililochelewa lina kazi yake," akasema.

Basi, wasomaji wapenzi, fumbo langu la methali lilitatuka hapo. Methali zile mbili hazigombani. Mwanzoni, majani yakiwa na nguvu, anayengoja huumia tumbo. Mwishoni, majani yakiwa yamechoka, mwenye haraka hapati baraka. Hekima ni kujua uko katika maji ya ngapi.

Zoezi

1. Kwa nini maji ya kwanza aghalabu si makali kuliko ya pili?
2. Bakuli la mililita 100 lina gramu 7 za majani. Umehesabu sekunde 10 na kumimina kwa sekunde 8. Je, majani yamekaa majini sekunde ngapi?
3. Tunga hadithi fupi inayoonyesha kwamba "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zote ni za kweli.